Bi Hadubini na Kipande cha Pili

Wasikilizaji wapendwa, leo maneno yananipa taabu. Tumempoteza mwanasayansi wa metali, mwanamke aliyefanya kazi miaka ishirini na sita katika maabara ya kiwanda cha mabomba ya mvuke. Narudia: ishirini na sita, chumba kimoja, tena hakina dirisha. Mafundi walimwita Bi Hadubini.

Kazi yake ilikuwa hivi. Bomba likitiliwa shaka, anakata kipande kidogo, kadiri ya kifungo cha shati. Anakisugua mpaka king'ae, kisha anakiweka chini ya hadubini. Akiona mstari mweusi, hakatai bomba upesi. Huenda ni ufa. Huenda ni mkwaruzo tu wa kusugua. Mwanzoni alikosea papo hapo: alikataa mabomba arobaini mazima kwa mikwaruzo aliyoitia mwenyewe, mafundi wakamcheka wiki nzima. Tangu siku hiyo akajiwekea sharti. Kata kipande cha pili, anza upya. Mstari ukitoweka, ulikuwa mkwaruzo. Ukibaki, ni ufa, na bomba linatoka. Meneja anune asinune, linatoka.

Mwaka jana akaanza kukohoa. Hospitalini wakachukua kipande kidogo cha nyama ya pafu. Mumewe, fundi cherehani, ananiambia mkewe aliomba kuangalia mwenyewe, na daktari akampisha kiti. Alitazama. Halafu akaomba kikatwe kipande cha pili.

Basi mume akafurahi, maskini. Sharti lile alilijua. Siku nne alishona suruali za watu huku akijipa moyo kwamba ni mkwaruzo, hata watu wa hospitali hukosea. Alijua fika kwamba nyama si chuma, ila utamwambia nini mtu anayempenda mkewe?

Kipande cha pili kikaja. Safari hii alitazama muda mrefu zaidi. Mumewe akashindwa kuvumilia, akamwambia, "Mama watoto, basi sema pafu litolewe. Wewe ukisema toa, watu wanatoa."

Akajibu, "Ufa umeshaenea, baba watoto. Hakuna tena pa kukata."

Aliishi miezi saba. Aliendelea kwenda kazini mpaka ngazi za maabara zikamshinda. Jumanne iliyopita akatutoka.

Pole sana, fundi. Poleni watoto wake wawili, na ninyi mafundi wa kiwandani. Sina dawa ya uchungu wenu, na sitajifanya ninayo.

Wasikilizaji wapendwa, nilimuuliza mumewe alifanya nini miezi ile saba. Naomba mlitafakari jibu lake, kwa sababu mimi limenilaza chini. Alisema, "Alikuwa anakonda, na hakutaka wenzake waone. Kila Jumapili nilimpunguzia koti lake la maabara. Ndilo pekee nililoliweza. Mara ya mwisho, lilikuwa limebaki la kumtosha mtoto."