Shati Jeupe la Metro Hawryluk

Marehemu Metro Hawryluk alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 karibu na Vegreville, Alberta, mtoto wa tano wa Petro na Paraska. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akarudi shambani kulima ngano.

Tarehe 7 Juni 1969 alimwoa Sonia Kowalchuk, aliyemtarizia shati jeupe la sikukuu kwa mkono wake. Kwa miaka mingi aliongoza nyimbo katika kanisa hili.

Februari 2011 alikutwa na saratani ya kaakaa. Madaktari wa Edmonton wakamtoa nusu ya taya la juu. Saratani ilikwisha, lakini pakabaki tundu kati ya kinywa na pua. Supu ilimtokea puani, na maneno yake hayakueleweka. Akaacha kuimba. Akawa anakula kwenye gereji ya nyumbani, peke yake. Binti yake Lesia, anayesoma haya, alikuwa akipita dirishani kila mlo kuona kama sahani imeguswa.

Mtaalamu wa meno bandia, Bi. Noreen Tait, alimtengenezea kaakaa la plastiki lenye meno, la kuziba tundu. Metro aliliita mlango. La kwanza lilivuja.

"Mlango wako unapitisha upepo, binti," alimwambia.

Noreen akaongeza nta, akachonga, akamrudisha kitini mara sita. "Kunywa maji, mzee. Inama. Sasa taja jina la mkeo."

"Nikilikosea nitalala nje."

Mkesha wa Krismasi ya kanisa letu, kwa kalenda ya kale, tarehe 6 Januari 2012, alitoka chumbani amevaa shati jeupe. Mezani palikuwa na borshti, supu yetu ya bitruti, nyekundu kama kawaida.

"Baba Lesia, vaa la bluu," Sonia alimwambia. "Bitruti haitoki."

"Nikidondosha tone, mnizike na shati hili."

Hakuna aliyegusa kijiko hadi yeye alipoanza. Alimaliza bakuli mbili, akafuta mdomo, akaanzisha wimbo. Sonia alilichunguza shati kwa miwani. Lilikuwa safi.

Alifariki nyumbani kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Oktoba 2023, akiwa na miaka sabini na saba. Ameacha mjane, Sonia. Watoto wawili, Lesia na Orest. Na wajukuu watano.

Tone halikudondoka, lakini leo tunamzika na shati lile. Mlango wake hatukuutoa. Pumzika kwa amani, Baba; hakuna kinachovuja.