Mama Huguette na Siku Kumi za Paka wa Depo

Mimi niliyekunywa chai Kigoma, Bujumbura na Mpulungu, ninasema wazi: hakuna muntu mwenye bahati kunipita. Miaka kumi na tisa ninashika paka katika kliniki yetu ya wanyama hapa Kalemie, na hata mumoja hajaniuma.

Basi, tuseme habari ya mwenye siku hii ya kuagana. Mama Huguette Kyungu, muganga wa wanyama, anaingia pansioni, anapumzika kazi, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Inchi inafanya feti, sikukuu ya uhuru, na yeye anapata wake.

Alipoanza kutibu meno ya paka, watu walimucheka sokoni: eti sisi wenye meno mabovu tunatafuna upande mumoja, na paka ndiye anapata muganga wa meno! Yeye aliendelea kukwangua ukoga wa meno yao.

Kisha ikaja habari ya Komanda, paka wa Papa Urbain, mulinzi wa depo, ghala ya unga karibu na bandari. Panya wote walimuogopa. Siku moja akaanza kutokwa na mate, akakataa hata ndagala, samaki wadogo anaowapenda. Watu wakapiga kelele: kichaa cha mbwa! Wakaokota mawe. Papa Urbain akamufunika na gunia, akamuleta kwetu kwa pikipiki.

Alipotolewa guniani, Komanda akamuuma Mama Huguette mukononi. Mama akanawa na sabuni muda murefu, akaenda kuchomwa chanjo, akarudi kazini. Sisi wote tulitaka paka auawe palepale. Yeye alimufungia kizimbani, akatundika ufunguo shingoni, akasema: kama ni kichaa, atakufa mbele siku kumi hazijaisha; kama siku ya kumi angali ananichukia, ni meno. Papa Urbain alikuja kila asubui, kofia mukononi, anaogopa kuuliza.

Siku ya kumi na moja Komanda alikuwa hai, na hasira yake kamili. Mama akamuchoma sindano ya usingizi, akafungua kinywa: fizi nyekundu kama pilipili, meno mane yameoza, mufupa wa samaki umekwama katikati. Akatoa yote. Tangu pale, paka mwenye kutokwa na mate analetwa kwetu, hapigwi mawe.

Mama Huguette, asante sana. Pumzika vizuri, kula samaki yako kwa meno yako yote, Mungu akuongezee miaka.

Na ile bahati niliyojisifu ni uongo. Paka wameniuma mara saba. Ya nane, ile ya Komanda, ilikuwa inakuja kwangu. Mama Huguette akatia mukono wake mbele ya wangu.

Ruffin, mushika-paka