Kitufe na Shuka Mbili

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta kati ya chumba cha kinyozi na kibanda cha Fundi Saa, na kila asubuhi linabeba watu wazima ambao, ukiwasikiliza, utadhani jua linawasubiri wao waliruhusu kupanda. Mwenye birika la kahawa ni Shangazi, na sheria ya kijiwe ni yake pia: anayeshika kifuniko chekundu cha chupa ya chai iliyovunjika zamani ndiye anayesema, wengine wanakunywa. Aliileta sheria hiyo mwaka ule ubishi wa mpira ulipotaka kumng'oa mtu jino, na tangu hapo kifuniko kinaheshimiwa kuliko hakimu. Asubuhi hiyo hakikutulia. Redio zote zilikuwa zimetangaza kwamba mtawala wa ile nchi ya mbali, yule ambaye kijiwe kimembatiza Bwana Kitufe, amesema kidole chake kiko juu ya kitufe cha bomu la nyuklia, na nchi jirani ikipiga chafya tu, anabonyeza.

Fundi Saa hakuwa amegusa kahawa yake. Saa ya mteja ilikuwa wazi kiganjani mwake na kioo cha kukuzia kiko jichoni, lakini mkono haukuwa kazini. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa huko huko, kwenye hiyo nchi jirani inayokatazwa kupiga chafya, akimtunza bibi mmoja mzee sana. Jana alimwandikia: "Baba, wenzangu wanafunga mizigo. Nirudi au nibaki? Nitakupigia kesho saa kumi ya huku unipe jibu." Saa kumi ya huko ni saa tano ya huku. Fundi Saa hakupata usingizi, na jibu alikuwa nalo: rudi. Lakini kila alipojaribu kulisema kimoyomoyo, lilikwama mahali, na hakujua ni wapi.

Wenzake walijua binti yuko ng'ambo. Ng'ambo ipi, hakuwaambia, kwa sababu aliwapenda na aliwajua: wangemfanya mwanawe mada ya kila siku. Wala hawakujua kwamba ile saa kubwa juu ya mlango wa kibanda chake, waliyoicheka miaka mitatu kwa kwenda mbele saa tano nzima, haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inahesabu saa za mtoto.

— Hebu semeni, aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. Dunia imfanye nini mtu kama huyu?

Alikuwa anatafuta jibu la kuazima. Kinyozi, ambaye jina lake la kijiweni ni Waziri kwa jinsi anavyosema kana kwamba baraza zima linamngoja, alinyakua kifuniko kabla hakijaombwa.

— Hilo dogo. Asusiwe. Asiuziwe kitu, wala sukari, wala tairi, wala sabuni. Mwezi mmoja bila sabuni, ataleta kitufe mwenyewe kwenye bahasha.

— Hatakosa sabuni yeye, alisema Shangazi bila kifuniko, maana mwenye sheria habanwi na sheria yake. Watakaokosa ni akina mama wanaofua. Yeye ataoga kwa ya kunukia.

— Basi na akina mama wamnunie!

— Wamnunie, halafu awafunge. Endelea.

Waziri aliona mada inamteleza, akasogeza kifuniko kwa Bomba. Huyu ni fundi wa mabomba, mtu mpana, mwenye spana mfukoni hata akienda msibani.

— Ninyi mnahangaika na maji ilhali koki iko wapi hamjui, alianza. Hakuna mfumo usiokuwa na koki kuu. Kitufe ni mwisho wa waya. Waya unatoka mahali. Unaufuata, unaukata, kesho anabonyeza wee, hata taa haiwaki.

— Na utaingiaje ikulu kwake? aliuliza Waziri.

— Kwani ikulu haina choo? Na choo chake ni malaika, hakizibi? Wewe ngoja kizibe. Mlinzi gani atamzuia fundi wakati maji yanafika kwenye zulia? Watanifungulia mlango wenyewe, tena mbio. Nazibua, nachungulia, nakata, narudi zangu.

Benchi lilitikisika kwa kicheko hadi tofali likasogea. Hata Fundi Saa alicheka, kisha akatazama saa ya juu ya mlango. Saa kumi kasoro dakika ishirini.

— Ile saa yako ukiitazama hivyo itaogopa ijirekebishe, Bomba alimchokoza. Fundi wa saa mwenye saa mbovu mlangoni! Ndiyo sababu wateja wanakuletea za mkononi tu.

— Iache saa yangu, alisema Fundi Saa, na sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka.

Bomba alimtazama. Si kawaida yake. Lakini Waziri alikuwa ameshakichukua kifuniko tena, na Waziri akishika kifuniko haoni uso wa mtu.

— Nimepata. Huyu bwana ana nywele, hana? Ana ndevu? Basi kuna kinyozi wake. Mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka ishirini na moja, na nawaambia, hakuna mtu mpole kama mtu mwenye povu kidevuni. Mtu mkorofi kuliko wote mtaani, ukimwinua kidevu ukamwekea wembe hapa, anasema ndiyo bwana, hapana bwana. Mikataba yote ya dunia isainiwe kwenye kiti cha kinyozi!

— Huyo atakuwa hasaini, atakuwa anatetemeka, alisema Shangazi.

— Si ndilo tunalotaka?

— Ukiuondoa wembe je?

— Siuondoi.

— Basi na yeye atamtafuta kinyozi wa kukuwekea wewe wembe shingoni. Mtakaa hivyo mpaka lini, kila mmoja na wembe kwenye koo la mwenzake, na mkono unachoka?

Bomba alikohoa.

— Shangazi, alisema taratibu, nadhani ndivyo walivyokaa hivi sasa.

Shangazi alimimina kahawa kwa kila mmoja, akaona kikombe cha Fundi Saa kimejaa na kimepoa. Aliimwaga ile ya baridi, akamtilia nyingine ya moto, akamwekea kikombe mkononi kabisa, kama unavyompa mgonjwa. Kisha alikaa, jambo analolifanya mara moja kwa mwezi, akachukua kifuniko chake.

— Mimi sikusoma. Lakini ningekuwa nimepewa dunia niitunze japo wiki moja, ningefanya hivi. Kila mkubwa mwenye bomu atoe mtoto wake. Si kumtoa kwa ubaya. Aende akaishi kwa yule anayetishwa. Alale nyumba ile, aogeshwe na mama wa pale, apewe shuka, agombezwe akichelewa kula. Na wao walete wa kwao. Wakubwa wote wabadilishane watoto. Nani atabonyeza kitufe wakati mtoto wake amelala upande wa pili?

— Shangazi! Waziri alipiga paja. Hiyo imemaliza!

— Hiyo hata mimi ningeisaini, alisema Bomba, bila wembe.

Fundi Saa alikitoa kioo jichoni. Akakiweka kikombe chini, kando ya tofali.

— Nipeni kifuniko.

Wakampa.

— Mimi wangu yuko upande huo tayari, alisema. Binti yangu. Yuko huko huko kunakotishwa, mwaka wa tatu huu. Kalala huko, kapewa shuka huko. Na hajamzuia mtu kubonyeza chochote.

Fundi Saa aliwaeleza yote: wenzake wanaofunga mizigo, swali la jana, simu ya saa kumi. Akanyoosha kidole juu ya mlango.

— Na ile saa haijawahi kuharibika. Ile ni saa yake.

Bomba aliitazama saa, akaitazama spana yake, akashindwa pa kuweka uso. Miaka mitatu ya utani ilimrudia yote kwa mpigo.

— Ndugu yangu, alisema. Ungetuambia.

— Ningewaambia, mngemjadili.

Hilo lilikuwa kweli, na walilipokea wakiwa wameinamisha vichwa. Lakini kijiwe ni kijiwe. Haikupita dakika kabla Waziri hajasimama.

— Mwambie arudi! Leo leo! Mizigo aiache!

— Arudi, alisema Bomba. Tukachangishane nauli kama hana. Arudi.

— Mtoto wa mtu arudi kwao, alisema Shangazi, na macho yalikuwa yamemjaa.

Fundi Saa alihisi mzigo ukimtoka. Jibu lilikuwa moja, la watu wanne. Saa ya mlangoni ilipogonga kumi, simu ililia juu ya meza ya vyombo, kati ya springi na vioo vidogo. Aliiweka kwenye spika, na kwa kuwa mkono bado ulikuwa na kifuniko, akakiweka juu ya simu. Wote walielewa. Zamu ilikuwa ya mtoto.

— Shikamoo, Baba.

— Marahaba, mama, alisema. Alimwita mama tangu azaliwe, kwa kuwa alirithi jina la nyanya yake. Niko na wenzangu wa benchi, aliendelea. Wanakusikia.

— Shikamooni wote.

— Marahaba, mwanetu! walijibu kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno, kama watu wanaoita ng'ambo ya mto.

— Baba, kabla hujasema, nikwambie ya jana. King'ora kililia. Cha majaribio tu, lakini kikilia wanazima lifti, na sisi tuko ghorofa ya nne. Bibi hawezi ngazi. Wanawe wako mbali, wanapiga simu tu. Nikamfunga mgongoni kwa shuka, kama ulivyombeba Mama siku ile ya hospitali. Ngazi sabini na mbili, Baba. Tulipofika chini, wengine walikuwa wameshaanza kupanda. Bibi akanifuta jasho kwa kiganja chake, akaanza kucheka, na mimi nikacheka.

Sauti yake ikawa ndogo.

— Ninataka kurudi, msinielewe vibaya. Ninaogopa. Ninalala na viatu. Lakini ninyi ni wakubwa, mnajua mambo, niambieni hili moja tu. Nikiondoka, na king'ora kikalia cha kweli, nani atamshusha bibi?

Waziri alimtazama Bomba. Bomba alitazama mikono yake mipana. Shangazi aliinua birika ili afanye chochote, akainamisha, na hakikutoka kitu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Kifuniko kilikuwa palepale juu ya simu, na hakuna aliyenyoosha mkono kukichukua.

Fundi Saa ndipo alipojua neno lake lilikuwa linakwama wapi. Alimwona mkewe siku ile, mwepesi mno mgongoni, na nyuma yao msichana wa miaka kumi na miwili ameshika nyayo za mama yake zisiburute. Alimfundisha mwenyewe, bila kujua anafundisha. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Mama, alisema. Shuka ulitumia ngapi?

— Moja.

— Moja inateleza. Yangu iliteleza tukifika getini, ndiyo maana nilisimama, hukujua. Tumia mbili. Ya pili ipite chini ya mapaja yake, na fundo lije kifuani kwako, lisikae begani. Begani litakukata pumzi.

Upande wa pili pua ilivutwa.

— Ndiyo, Baba.

— Na siku wanawe wakija kumchukua, siku hiyo hiyo unapanda ndege. Hilo si ombi.

— Ndiyo, Baba.

— Viatu unavyolala navyo, funga kamba.

Binti alicheka huku analia, wakaagana. Simu ilipozima, Fundi Saa alibaki ameishika. Shangazi alimwekea mkono begani, akauacha hapo. Waziri alikuwa na mteja anayemngoja kitini, hakwenda.

Bomba alisimama, akakokota kigoda hadi mlangoni pa kibanda. Alipanda, akatoa kitambaa mfukoni, akakifuta kioo cha ile saa kubwa taratibu, kwanza katikati, kisha pembeni kwenye vumbi la miaka mitatu.

— Saa kumi na dakika kumi na mbili, alisoma kwa sauti. Saa hizi huwa anafanya nini?

— Anampa bibi chai, alisema Fundi Saa.