Lori la Ukunguni

Asubuhi ile ya mwaka arobaini na tisa, ukungu ulitanda njia panda ya Makambako, ukimiminika kuelekea Njombe. Kwenye benchi la muuza kahawa, Methusela alishika kikombe bila kunywa. Kesho angeapa mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba lori la Manase lilikuwa likitembea lilipomgonga Elieza, mpanda baiskeli, ambaye walimzika juzi. Manase, kutoka rumande, alishikilia kwamba alikuwa amesimama, Elieza akalivaa lori mwenyewe. Shahidi alikuwa mmoja tu, Methusela.

— Sema ulichoona, alisema Kefa, dereva mstaafu waliyemwita Breki. Macho hayana pazia.

— Niliona. Lilikuwa linakwenda upande wa Iringa, polepole.

— Katika ukungu kama huu?

— Kama huu.

Breki akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

— Hebu tazama msalaba wa kanisa.

Wakatazama. Ukungu ulipita nyuma yake kwenda Njombe, na msalaba, taratibu, ukaanza kwenda Iringa.

— Mama yangu! alisema Anyisile, aliyeitwa Wakili tangu aliposhinda kesi ya mbuzi. Jumapili tutasali Iringa!

Hakuna aliyecheka sana.

— Ukungu unavuta, alisema Breki. Baridi hupenda chuma.

— Msalaba ule ni wa mti, Breki.

— Basi unavuta na mti.

— Hapana. Dunia ndiyo inayoteleza, alisema Wakili. Sisi na benchi tumekwenda, kanisa limebaki. Mwenda pole hajikwai.

— Kwa hiyo Elieza aligongwa na dunia? aliuliza Breki.

— Msifanye mzaha, alisema Methusela. Alikuwa shemeji yangu.

— Pole, ndugu yangu, alisema Wakili. Lakini lisemwalo lipo. Ulishawaambia polisi lilikwenda, basi lilikwenda.

Akatokea Fidelia, mke wa Manase, na kapu la chakula cha mumewe. Alikuwa akitafuta gari la Njombe.

— Kamwene, baba.

— Kamwene, mama.

Hakukaa. Alimtazama Methusela bila hasira.

— Nauliza tu, baba. Uliyaona magurudumu yakizunguka?

Breki aliinamia kahawa yake.

Methusela akafumba macho. Aliliona turubai la lori likienda. Aliiona baiskeli. Akayatafuta magurudumu chini ya turubai, akatafuta tena.

Palikuwa na ukungu tu.