Kava la Nesi

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Sindano, fundi viatu. Kahawa namimina mimi, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapa unapita sikioni mwangu kwanza. Asubuhi hiyo Nesi alikuja na kishikwambi kipya cha kazini, kibodi mbili alizoazimwa dukani achague moja, na bega linalomuuma. Anawazungukia wagonjwa majumbani kwa miguu, nyumba tisa kwa siku, na maelezo yao anayaandika akiwa amekipakata. Kishikwambi cha kwanza kilimponyoka kikapasuka. Bosi wake kamwambia wazi: na hiki kikivunjika, anarudi kupanga mafaili. Sindano alikuwa ameshaanza kumshonea kava.

— Chukua kibodi hii nzito, — alisema Breki, dereva wa lori. — Kitu chepesi hakikai barabarani.

— Kaka, bega ni langu, — Nesi akajibu. — Hiyo nikiibeba nyumba tisa, ya kumi nalazwa mimi.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akadakia Mzee Stempu, wa posta zamani. — Nimepima barua miaka thelathini. Gramu mia mbili za asubuhi, ikifika jioni ni kilo.

— Zinaongezeka zenyewe? — Nesi akauliza.

— Jua linazivimbisha.

— Mzee, wewe!

Nesi akaijaribu ile nyepesi magotini. Haikuyumba, vitufe vikaitika.

— Nachukua hii.

— Basi kava liwe la bati, — Breki hakukubali kushindwa. — Ngozi ndani, bati nje, mpira wa tairi pembeni. Kikianguka kinadunda, kinakurudia mkononi.

— Mficha uchi hazai, — alisema Stempu. — Kifunike sana uone. Hakitapumua, na kisipopumua kinasahau majina ya wagonjwa.

Hapo nilitamani kummwagia kahawa, basi tu ni mzee.

— Mmemaliza? — Sindano aliuma uzi. — Ngozi ya mbuzi, nyepesi. Sponji ndani. Kishikwambi nimekishonea humo humo, pande zote nne, kisiponyoke tena. Na mjue, tangu nishike sindano sijawahi kufumua mshono wangu.

Kazi ilikuwa safi, tusidanganyane. Kishikwambi juu, kibodi chini, katikati linakunjika. Nesi alilitundika begani, akatembea hatua kumi kwenda na kurudi, akacheka kwa raha.

— Baba, Mungu akuzidishie. Sijui hata kama nimebeba kitu.

Sindano akajifanya anatafuta gundi, maana sifa zinamtia haya.

Nesi alikuwa anaaga ndipo akatokea mama mmoja na kiatu kilichobanduka soli. Akaliomba kava alitazame. Akaligeuza mara mbili.

— Zuri. Na chaji inaingilia wapi?

Breki alinitazama. Mimi nikalitazama birika. Nesi akawasha kioo: asilimia kumi na moja, na mgonjwa wa kwanza anamsubiri saa tatu.

— Kinyozi hapo ana umeme, — nikasema, angalau nisaidie. — Waya unao?

— Ninao, — akasema Nesi kwa sauti ndogo.

Sindano alilichukua kava, akaupapasa mshono kona hadi kona. Kisha akavuta kisu chini ya kiti.

— Geukeni kule.

Tukageuka wote, mwenye kiatu naye, tukatazama ukuta mpaka uzi ulipoacha kukatika.