Mama Selpha Nakhumicha Wechuli, Aliyelima na Wenye Majonzi

Mama Selpha Nakhumicha Wechuli alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kimilili, mtoto wa pili wa Mzee Naswa na Mama Nabwire. Alisoma hadi darasa la saba. Walimu walimsifu kwa hesabu. Sisi wadogo zake tulimwogopa kwa makofi.

Mwaka wa 1982 aliolewa na Absalom Wechuli, mkulima wa miwa, wakahamia Muhoroni. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka wa 2009 miwa yao ilikaukia shambani bila kuvunwa. Absalom akanyamaza, akaacha hata kula, na tarehe 2 Agosti akajitoa uhai. Kwa desturi, aliyekufa hivyo huzikwa harakaharaka, haliliwi wala hasomewi wasifu. Ikawa hivyo. Selpha aliwauliza wazee, "Huyu si alizaliwa? Si alilima? Mbona hamsomi?" Wao wakaendelea kufukia kaburi.

Tangu hapo hakuwa na subira na ukimya wa wanaume. Alijiunga na wahudumu wa afya ya jamii, akafunzwa kusikiliza, ila mbinu ilikuwa yake mwenyewe. Akisikia mkulima amejifungia, alifika na jembe, wakaenda shambani, akashika mstari ulio kando ya wake. Alisema mwanaume ukimkalisha kitini atakupa habari za mvua tu.

Jirani yetu Ondiek, miwa yake ilipoungua, alijaribu kumfukuza. "Mama, mimi sitaki maneno."

"Nani amekuletea maneno? Mimi nimekuja kulima."

Walilima mpaka jua likawa kali. Ondiek akatupa jembe, akalia, akasema alilokuwa amepanga kujifanyia. Selpha alimpeleka kliniki siku hiyohiyo, na kesho yake akarudi kulima. Ondiek yuko hapa leo, amelibeba jeneza. Jamani, dada yetu alikuwa mtu!

Mwaka wa 2023 alipatikana na saratani ya tumbo. Alitibiwa Kisumu, akiwagombeza wauguzi waliosahau kula. Alituaga tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha watoto Debra, Cliff na Nanyama, wajukuu saba, na mimi mdogo wake, Nabalayo.

Alituagiza wasifu wake usisomwe peke yake. Wazee, mtuvumilie.

Absalom Wechuli alizaliwa mwaka wa 1957 huko Webuye. Alisoma hadi kidato cha pili. Alilima miwa, aliimba besi kanisani, na mkewe alipojifungua yeye ndiye aliyepika uji. Alikuwa mgonjwa, ingawa hatukumpeleka hospitali. Leo tunamlilia. Apumzike kwa amani, yeye na mkewe.