Mwalimu Makopo na Ukuta Usiopakwa Rangi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Makopo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba alikuwa mtunza stoo katika kinu cha unga, na mama alikuwa mshonaji wa mashuka. Mtoto wa pili ni mdogo wake mwenye duka la rangi, na ndiye aliyeandika wasifu huu. Familia ilimpa kazi hiyo kwa sababu walijua hatapamba. Dada mwenyewe hakupenda kupambwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Kabla ya hapo alikwisha kujua kusoma, maana baba alikuwa akirudi nyumbani na magunia matupu, na marehemu aliyalalia kifudifudi akifuata herufi kwa kidole. Maneno mengi yalikuwa ya Kiingereza. Hakujua maana yake, ila aligundua kwamba kila gunia, liwe la unga au la sukari, lilisema jambo lilelile kwa mpangilio uleule. Akamwuliza baba, "Kwa nini magunia yote yana mdomo mmoja?" Baba akajibu kwamba yeye kazi yake ni kuyahesabu, si kuongea nayo.

Alimaliza sekondari mwaka 1973, akasomea kupiga chapa, na mwaka 1975 akaajiriwa kwenye kiwanda cha kuchapa maboksi na lebo. Baada ya muda mfupi akapewa usahihishaji. Alikaa pale hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2001, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, taa imeinamishwa, karatasi zikiingia kushoto na kutokea kulia. Dawa ya kikohozi, sabuni, betri, biskuti, vyote vilipita mbele ya macho yake. Ndipo akasadiki alichokiona utotoni: Kiingereza ambacho watu hukutana nacho kila siku kina mishono michache tu ya sentensi inayorudi na kurudi. Kuna sentensi ya amri, inayoanza na kitendo bila kumtaja mtu: tikisa kabla ya kutumia, hifadhi mahali pakavu. Kuna sentensi ya "ikiwa", inayoahidi huku ikiacha mlango wa kukimbilia. Kuna majina yaliyopangwa kama matofali bila hata kiunganishi kimoja. Na kuna ile aliyoipenda kuliko zote, sentensi ya mtendaji aliyejificha: imekatazwa, imefungwa, haitarudishwa. Nani kakataza? Hasemwi.

Ndoa yake nayo ilitokana na mambo hayohayo. Mumewe alikuwa mchora vibao, na alifika kiwandani kupaka upya kibao cha getini. Kiingereza chake chote alikipata kwenye vibao alivyochora, kwa hiyo alijua amri tu. Alipompenda marehemu, akaona amwandikie kwa Kiingereza, aonekane mtu wa maana. Barua yenyewe, kwa tafsiri, ilisema hivi: "Simama hapa. Soma kwa makini. Usiegemee. Punguza mwendo. Olewa nami. Tumia mlango wa mbele."

Marehemu alikwenda nayo kwa mama. "Mama, nimechumbiwa na kibao."

"Kibao chenyewe kinalewa?"

"Hakilewi."

"Kinalala kwao?"

"Kinalala kwao."

"Basi usikiache kwenye mvua, mwanangu."

Marehemu akamjibu mchora vibao kwa Kiingereza cha ofisini: maombi yako yamepokelewa na yanashughulikiwa. Maskini shemeji akahangaika wiki nzima hajui yanashughulikiwa na nani. Mwishowe akamvizia getini akamwuliza. "Na mimi," dada akamwambia, "ulidhani kuna kamati?" Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kiwanda kilipofungwa, marehemu alimjia mdogo wake akaomba chumba cha nyuma ya duka la rangi. Alitaka kufundisha watu wazima kuandika Kiingereza. Mdogo wake alimpa kila Jumanne jioni, kwa makubaliano kwamba makopo yaliyohifadhiwa humo yasisogezwe. Alifundisha katikati ya makopo hayo kwa miaka ishirini hivi. Hakuwa na kitabu. Mwanafunzi aliingia kwa karatasi aliyokutana nayo siku hiyo: risiti, kijikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, tangazo la kazi, onyo la mwenye nyumba. Walizisoma, wakatafuta sentensi zinazofanana, wakazibandika ukutani, kila mshono kwenye safu yake. Kisha mtu akaandika jambo lake mwenyewe kwa mshono huo. Ukuta ukajaa hadi darini.

Siku moja fundi wa kuchomelea alileta taarifa ya kukatiwa umeme. "Mwalimu, hapa nani kakata?"

"Hayumo. Soma tena."

Akasoma tena. "Kumbe umeme umejikata wenyewe! Na mimi nilikwenda kugombana na watu!"

Marehemu alicheka hadi akakalia kopo. Kisha akamfundisha kujibu kwa sentensi ileile: malipo yamekwisha kufanywa. Umeme ukarudishwa. Nani aliurudisha, mpaka leo hatujui.

Mdogo wake hakuupenda ukuta ule, na hakuficha. "Dada, mtu anauza rangi, halafu ukuta wake umevaa viraka! Wateja watanielewaje?"

"Waambie ni rangi mpya."

"Inaitwaje?"

"Inaitwa Usiguse."

Oktoba 2021 marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanatoka moja moja. Madaktari na wauguzi walimhudumia vizuri, na binti yake alihama kwake kuja kumwuguza. Wakati huohuo fundi simu mmoja alikuwa anakitaka chumba cha nyuma. Mdogo wake si mtu wa kuzunguka. Alikwenda kitandani akamwambia dada yake waziwazi: darasa bila mwalimu si darasa, makaratasi yatabanduliwa, ukuta utapakwa rangi, chumba kitapangishwa.

Marehemu akasema, "Tupatane."

Alimjua mdogo wake: akiombwa hukaza, akifanyiwa biashara husikiliza. Wakapatana. Darasa likutane lenyewe kila Jumanne hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Jumanne moja tu likikosa kukutana, chumba ni cha fundi simu. Lisipokosa, chumba ni chao na ukuta hauguswi na brashi. Walipeana mkono wa kushoto. Mdogo wake alitoka pale akiwa na hakika kwamba amepata faida.

Kila Jumanne alifungua chumba mwenyewe, asije akadanganywa. Waliendelea kuja. Siku ya kwanza fundi wa kuchomelea alijisahau akakalia kiti cha mwalimu. "We! Ondoka hapo, kiti kina mwenyewe," wenzake wakamkemea. Kiti kikabaki kitupu, wakawa wanapokezana kusimama. Ikaendelea hivyo hadi Novemba 2022, jioni ya mvua kubwa na barabara zimejaa maji. Akaja mtu mmoja tu, fundi cherehani, mama wa makamo, kanga imemng'ang'ania kichwani kwa maji.

Mwenye duka akasubiri. Hakutokea mwingine. Akachukua kufuli. "Dada yangu, pole. Mtu mmoja si darasa."

Fundi cherehani hakubisha. Alivuta kiti cha pili, akakipangusa kwa upindo wa nguo. "Basi kaa, kaka. Tutakuwa wawili."

Angeweza kukataa. Kufuli lilikuwa mkononi mwake na hapakuwa na shahidi. Lakini alimkumbuka dada yake alivyohangaika kuutoa ule mkono wa kushoto chini ya shuka siku ya kupatana, akaketi.

"Karatasi yako iko wapi?" akaulizwa.

Hakuwa nayo. Akanyoosha mkono, akashika kilichokuwa karibu: kopo la rangi, la aina aliyouza tangu ujana wake bila kusoma lebo hata mara moja hadi mwisho. Wakaisoma pamoja, mvua ikipiga bati. Iliamuru, ikakataza, ikapanga majina kama matofali, ikaahidi kwa "ikiwa", na mwisho ikajificha. Mishono yote ilikuwa kwenye kopo moja.

Asubuhi yake alikwenda kitandani. "Umenishinda kwenye biashara, dada."

"Nani... alikuja?"

"Fundi cherehani. Na mimi."

Marehemu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ulileta nini?"

"Kopo."

"Mwanafunzi mzuri," akasema, maneno yote mawili kwa pumzi moja.

Mwaka ukaisha bila Jumanne kukosa. Fundi simu alitafutiwa chumba kwingine. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, nyumbani kwake, mumewe akiwa ameshika mkono wake na binti akiwa kando.

Jana mumewe aliomba kopo dogo la rangi nyeusi. Akaenda nyuma ya duka, akaandika kwenye mlango, kwa Kiingereza, kibao chake cha kwanza kisichomwamuru mtu. Kinasema tu: Chumba hiki kinatumika.

Marehemu ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu wanne, mdogo wake, na darasa. Darasa litakutana Jumanne hii saa ile ile. Anayekuja aje na karatasi yake. Asiye nayo, makopo yapo.

Pumzika kwa amani, dada. Ukuta haukuguswa.